Chungulia Ndani Kabla ya Kuweka Stenti ya Pili

Mheshimiwa Mwenyekiti, wenzangu madaktari na wauguzi, mafundi wa mitambo ya picha, na ninyi wageni wetu mlioketi kule nyuma, ambao nimeambiwa wengi wenu mmekuja vifuani na stenti zenu, yale mabomba madogo ya wavu wa chuma yanayoshikilia mshipa wa moyo ukae wazi: asanteni kwa kunikaribisha. Nitaanza na kosa langu mwenyewe. Nikianza na mengine, najijua, nitamaliza muda bila kulitaja.

Miaka kadhaa iliyopita alinijia mzee mmoja mstaafu, mtu wa maneno machache. Miezi 14 kabla ya hapo alikuwa amewekewa stenti katika mshipa mkubwa wa mbele wa moyo, ule unaoshuka upande wa kushoto. Sasa kifua kilikuwa kimeanza tena kumbana kila akipanda ngazi. Nikampeleka kathlabu, chumba cha kutibia mishipa ya moyo, nikapitisha katheta, yaani mrija mwembamba, kupitia mkononi, nikapiga dawa ya kuangazia, na kwenye skrini nikaona nilichokuwa nakitarajia: katikati ya stenti, mshipa umebana. Nikasema moyoni, tishu imeota humo, kazi ndogo hii. Nikapuliza puto, nikaweka stenti mpya ndani ya ile ya zamani, nikapiga picha nyingine. Mshipa umenyooka. Chumba kizima tukapongezana, na kesho yake mzee akaenda zake nyumbani.

Baada ya miezi 5 akarudi. Maumivu yale yale, mahali pale pale. Akiwa amelala mezani, tunamtayarisha, akaniuliza swali moja tu: "Daktari, mara ile uliona nini humo ndani?"

Nikafungua mdomo nimjibu, nikakuta sina jibu. Sikuwa nimeona kitu humo ndani. Nilikuwa nimeona kivuli.

Siku hiyo tulipitisha katheta nyembamba ya mwanga hadi ndani ya mshipa wenyewe. Picha ilipofunguka nilinyamaza, na muuguzi aliyekuwa kando yangu akanyamaza. Pete mbili za chuma, moja ndani ya nyingine, zote mbili zimeminywa umbo la yai. Nyuma yake, kuzunguka zaidi ya nusu ya duara, ukuta mnene wa kalsiamu. Stenti ya kwanza haikuwahi kufunguka. Watu tungesema ilishindwa baada ya miezi 14. Kweli ni kwamba ilishindwa siku ileile ilipowekwa. Na mimi, badala ya kushughulika na kile kilichoibana, nikaiongezea chuma. Ni sawa na mtu anayelalamika kiatu kinambana, nawe ukamchomekea kiatu cha pili ndani ya kile cha kwanza.

Basi hilo ndilo lililonileta hapa: stenti ikishindwa, tusiweke nyingine kabla hatujaingia ndani ya mshipa tukatazama sababu.

Picha ya eksirei tunayoitegemea, angiografia, ilizaliwa kwa bahati. Mwaka 1958, kule Cleveland Clinic nchini Marekani, daktari Mason Sones alikusudia kupiga picha ya aota, mshipa mkuu unaotoa damu moyoni. Ncha ya katheta ikateleza ikaingia mlangoni mwa mshipa wa kulia wa moyo, na dawa yote ikamiminika humo. Moyo wa mgonjwa ukasimama. Sones akampigia kelele akohoe, akakohoa, moyo ukarudi kwenye kazi yake. Tangu hapo dunia nzima inaitazama mishipa ya moyo kwa njia hiyo, na mimi siibezi hata kidogo; imeokoa watu wasiohesabika. Lakini tuelewe inaonyesha nini. Dawa inajaza njia ya damu, eksirei inapita, tunapata kivuli cha njia hiyo. Ukuta wa mshipa hauonekani. Fito za stenti za siku hizi, vile vijiti vya chuma vilivyosukwa kama wavu, zina unene wa mikromita 60 hadi 80, yaani kama unywele, na kwenye picha hiyo zinaonekana kwa taabu au hazionekani kabisa. Inua mkono wako mbele ya taa utazame kivuli chake ukutani. Utahesabu vidole vitano. Kama kiganjani pana kidonda, kivuli hakitakwambia.

Kuna hesabu ndogo ambayo kila mtu humu anaiweza. Stenti ya kipenyo cha milimita 3 ikifunguka barabara, uwazi wake ni karibu milimita za mraba 7. Ikikwama kwenye milimita 2, utadhani imepungua theluthi tu. Uwazi unabaki milimita za mraba 3 na kidogo. Zaidi ya nusu ya njia imepotea, na kivuli kinaweza kukuonyesha mshipa wa kuridhisha tu, hasa ukiutazama kutoka upande ule mrefu wa yai.

Wazee wetu wa fani hii walikwishalipia somo hili, sisi tukalisahau. Andreas Grüntzig alipuliza puto la kwanza ndani ya mshipa wa moyo wa binadamu aliye macho huko Zurich mwaka 1977. Puto lilifungua, lakini mishipa mingi ilijifunga tena. Mwaka 1986 Jacques Puel huko Toulouse na Ulrich Sigwart huko Lausanne wakaanza kuweka stenti, ili ukuta ushikiliwe usianguke. Likaja tatizo jipya: damu iliganda ndani ya chuma. Madaktari wakajibu kwa kuwamiminia wagonjwa dawa nzito za kuzuia damu kuganda, nyingine juu ya nyingine. Wagonjwa wakakaa hospitali siku nyingi, wengine wakavuja damu vibaya, na bado stenti ziliziba.

Hapo ndipo akatokea Antonio Colombo, wa Milan. Alipitisha altrasaundi ndogo ndani ya stenti ambazo kwa angiografia zilionekana safi kabisa, akakuta nyingi hazijafunguka vya kutosha: hapa zimeminywa, pale hazijagusa ukuta. Akarudia kupuliza kwa shinikizo kubwa zaidi na puto linalolingana na mshipa, akatazama tena, hadi akaridhika. Mwaka 1995 alichapisha matokeo: stenti ikifunguliwa hivyo, mgonjwa hakuhitaji tena lile rundo la dawa nzito, dawa za kuzuia chembe sahani za damu kushikamana zilitosha. Tafakarini kidogo hapo. Miaka kadhaa tuliilaumu damu ya mgonjwa, tukaipiga kwa dawa, kumbe kosa lilikuwa la fundi na puto lake. Lisingegundulika kama mtu asingechungulia.

Cha ajabu ni kilichofuata. Tulijifunza kutoka kwa Colombo nusu ya somo. Tulichukua shinikizo kubwa, tukaacha kutazama. Zikaja stenti zenye dawa mwanzoni mwa miaka ya 2000, kubana upya kukapungua sana, na sisi tukapata kiburi kwamba dawa itafunika makosa ya mikono yetu.

Niwaeleze vyombo vyenyewe. Viko viwili, navyo vina ndimi tofauti.

Cha kwanza ni altrasaundi ya ndani ya mshipa, IVUS kwa kifupi. Ni katheta nyembamba yenye kipaza sauti kidogo mno nchani, kinachotuma mawimbi ya sauti ukutani na kuyasikiliza yakirudi. Inaona mbali, milimita kadhaa, mpaka ukuta wa nje wa mshipa, kwa hiyo inakuambia ukubwa halisi wa mshipa kabla ugonjwa haujauziba. Haihitaji kusafisha damu. Lakini macho yake ni mazito: kitu kidogo kuliko mikromita 100 hivi kinampita.

Cha pili ni tomografia ya mwanga, OCT. Wazo lilichapishwa mwaka 1991 na timu ya MIT nchini Marekani, na walioanza kulitumia sana ni madaktari wa macho, kutazama retina. Badala ya sauti hutumia mwanga wa infraredi usioonekana kwa jicho. Inatenganisha vitu vya mikromita 10 hadi 20, yaani inaona mara kumi vizuri zaidi ya mwenzake. Gharama yake ni mbili: haiingii ukutani zaidi ya milimita 1 au 2, na damu inaizuia kabisa kama ukungu unavyozuia taa za gari. Kwa hiyo unamwaga dawa ya kuangazia kwa kasi, damu inasogea kwa sekunde chache, na katika sekunde hizo hizo katheta inajirudisha nyuma huku ikizunguka na kupiga picha. Milimita 75 za mshipa zimepigwa kabla hujamaliza kuvuta pumzi mbili. Mwenye figo dhaifu lazima umfikirie mara mbili, kwa sababu dawa hiyo ina mzigo wake.

Picha ya OCT, mkiiona mara ya kwanza, ni kama gogo lililokatwa kwa msumeno na kutazamwa kwenye mkato. Katikati giza, hiyo ndiyo njia ya damu. Kuzunguka giza hilo kuna pete ya kahawia, ukuta. Fito za stenti ni alama fupi zinazong'aa sana, na nyuma ya kila moja kuna kivuli chembamba kinachokimbilia nje kama mshale, kwa sababu mwanga haupiti kwenye chuma. Ufito uliopona umefunikwa na ngozi nyembamba, kama kijiti kilichozama kidogo kwenye udongo laini. Ufito uliotelekezwa uko uchi. Ufito unaoelea umesimama mbali na ukuta, na kati yake na ukuta damu inapita. Kalsiamu ni eneo la giza lenye kingo kali, kana kwamba limechorwa kwa rula. Mafuta nayo ni giza, lakini kingo zake zimefifia kama wino uliomwagikiwa maji. Hii ya kalsiamu na mafuta ndiyo iliyonisumbua kuliko zote nilipokuwa najifunza. Mwalimu wangu alikuwa akificha jina la mgonjwa na historia yake, ananiwekea picha tupu, ananisubiri. Nilikosea kwa wiki nyingi.

Mnajua kuna wenzetu waliogawanyika kambi mbili juu ya vyombo hivi, na ukikaa nao kwenye chai ya mkutano utadhani ni mashabiki wa mpira. Mwaka 2023 utafiti wa Korea Kusini uitwao OCTIVUS uliwapima wagonjwa 2,008 ana kwa ana. Baada ya mwaka mmoja matatizo yalikuwa asilimia 2.5 kwa waliotazamwa kwa mwanga na 3.1 kwa altrasaundi, tofauti isiyo na uzito. Nyumba ni moja, na kwa mara moja msemo unakaa mahali pake halisi: tusigombanie fito.

Sasa stenti ikishindwa, humo ndani unakuta nini? Kwanza tutenganishe namna mbili za kushindwa. Moja ni ya polepole: stenti inabana upya, maumivu yanarudi kidogo kidogo, ingawa wengine hurudi na mshtuko wa moyo. Nyingine ni ya ghafla: damu inaganda ndani ya stenti, mshipa unafunga kwa dakika, na hiyo inaua. Kwa stenti za kisasa hiyo ya pili ni nadra, chini ya asilimia 1 katika mwaka wa kwanza. Lakini msidhani baada ya mwaka mmoja mambo yameisha. Kila mwaka unaofuata, takriban asilimia 2 ya wenye stenti hupata tatizo linalotokana na stenti hiyo, na mstari huo haunyooki chini. Nchini Marekani, kazi 1 kati ya kila 10 za kuzibua mishipa kwa puto na stenti hufanywa ndani ya stenti iliyokwisha kuwekwa. Moja kati ya kumi ni kurudia kazi.

Sababu hutegemea sana umri wa stenti. Ikishindwa ndani ya siku 30 za kwanza, mtafute fundi: haikufunguka vya kutosha, au imewekwa fupi ikaacha ugonjwa nje ya ukingo, au puto limepasua ukuta pale pembeni. Au mgonjwa ameacha vidonge. Ikishindwa baada ya miezi, mara nyingi ni tishu iliyoota kupita kiasi, kovu la mwili ukijaribu kuponya. Ikishindwa baada ya miaka, unaanza kukuta kitu ambacho zamani hatukukijua: ndani ya stenti umezaliwa ugonjwa mpya wa mafuta, ukuta mpya juu ya chuma umejaa mafuta na seli zake kama vile mshipa umeanza kuugua upya kutoka sifuri. Ugonjwa huo hutokea mapema zaidi katika stenti zenye dawa kuliko zile za chuma kitupu. Unaweza kupasuka na kugandisha damu, sawasawa na ule wa kwanza uliomleta mgonjwa hospitali.

Kisha kuna stenti iliyovunjika. Ndiyo, chuma huvunjika. Moyo unapiga mara 100,000 kwa siku, na kila pigo linakunja mshipa. Mshipa wa kulia una kona ambazo ni kama bawaba ya mlango. Stenti ndefu ikipita hapo, siku moja unakuta pengo kati ya vipande viwili. Kwa angiografia pengo hilo linapotea kirahisi.

Ufaransa waliwahi kufanya kazi nzuri sana katika jambo hili. Katika utafiti wao uitwao PESTO walichukua watu 120 ambao damu iliganda ndani ya stenti zao, wakawatazama kwa OCT. Katika asilimia 97 walikuta kasoro inayoonekana kwa macho. Sababu zilizoongoza zilikuwa fito kuelea mbali na ukuta, na ule ugonjwa mpya wa mafuta. Asilimia 97! Mimi nilizoea kuandika kwenye faili "sababu haijulikani". Ilikuwa inajulikana. Hatukuwa tumeiuliza.

Mtu ataniambia: daktari, ukishajua sababu, si utaweka stenti tu? Hapana, na hapa ndipo penye uzito wa maneno yangu yote. Kama tishu imeota na stenti imefunguka vizuri, chuma hakina kosa. Puto lililopakwa dawa linatosha, linabonyeza tishu, linaacha dawa ukutani, linatoka. Marekani iliidhinisha puto la aina hiyo kwa kazi hii mwaka 2024. Kama stenti haikufunguka, puto la dawa halitasaidia kitu, maana dawa haisukumi chuma. Hapo unahitaji puto gumu la shinikizo kubwa, au lenye visu vidogo. Na kama nyuma ya chuma kuna kalsiamu, unahitaji kuivunja kwa mapigo ya mawimbi ya sauti, ufundi tuliouazima kwa wavunja mawe ya figo. Kama imevunjika, au ukingo ulikosewa, hapo ndipo stenti nyingine fupi ina hoja. Kama kuna donge la damu na fito zimefunguka vizuri, huenda jibu ni vidonge, na mazungumzo ya kweli na mgonjwa kwa nini aliviacha. Na kama tayari kuna matabaka mawili ya chuma, fikiria sana kabla ya la tatu. Kuna wakati upasuaji wa kuhamisha njia ya damu ndio heshima kwa mgonjwa huyo. Kivuli ni kile kile katika hali zote hizi. Tiba ni tano au sita tofauti.

Wenzangu wa kathlabu watanitaka takwimu za kuzuia, si kutibu tu. Zipo. China, utafiti wa ULTIMATE, wagonjwa 1,448: baada ya miaka 3 mshipa uliotibiwa ulileta tatizo kwa asilimia 6.6 ya waliowekewa stenti kwa msaada wa IVUS, dhidi ya 10.7 kwa angiografia peke yake. Korea Kusini mwaka 2023, wagonjwa 1,639 wenye mishipa migumu kutibu: asilimia 7.7 dhidi ya 12.3. Sitaki kuwaficha utafiti usionipendeza. ILUMIEN IV, wa mwaka huohuo, uliwachukua watu 2,487. OCT iliacha stenti zikiwa zimefunguka zaidi, milimita za mraba 5.72 dhidi ya 5.36, lakini kwa kipimo kikuu, yaani wagonjwa walioletewa tatizo na mshipa uliotibiwa ndani ya miaka 2, asilimia 7.4 dhidi ya 8.2 kwa angiografia, tofauti haikutosha kusema ni ya kweli. Kuganda kwa damu ndani ya stenti kulikuwa asilimia 0.5 dhidi ya 1.4. Kila mtu ausome atakavyo. Mimi nausoma hivi: kuona bila kurekebisha ulichokiona hakumfai mgonjwa. Ukipitisha chombo, ukakuta yai, ukasema "si mbaya", ukafunga kazi, umemwongezea mgonjwa gharama tu.

Mwongozo wa Jumuiya ya Madaktari wa Moyo ya Ulaya wa mwaka 2024 umekipa kipimo hiki cha kutazama mshipa kwa ndani daraja la kwanza kwa mishipa migumu: shina kuu la kushoto, njia panda za mishipa, maeneo marefu ya ugonjwa. Wamarekani nao wakafuata mwaka 2025 kwa wenye mshtuko wa moyo ambao mishipa yao ni ya namna hiyo. Kwa hiyo hii si hobi ya watu wachache tena.

Kwa nini basi bado hatutazami? Bei, ndiyo, katheta hizi si rahisi, nazo ni za kutumia mara moja. Muda, kidogo. Lakini nikiwa mkweli, kizuizi kikubwa ni kwamba wengi wetu hatujui kusoma picha hizi, na mtu mzima hapendi kupitisha chombo mbele ya wasaidizi wake kisha akaduwaa mbele ya skrini. Naijua aibu hiyo. Dawa yake ni kukaa jioni na picha za zamani, na kuwaruhusu mafundi na wauguzi wasome pamoja nasi. Katika timu yangu anayesoma kalsiamu haraka kuliko wote si daktari. Anazo alama zake tatu: imezunguka zaidi ya nusu ya duara, ina unene unaopita nusu milimita, ina urefu unaopita milimita 5. Zikikutana zote tatu, ananitazama, nami najua kwamba stenti isiingie humo kabla kalsiamu haijavunjwa.

Sasa ninyi mlioketi nyuma. Msitoke hapa mkaenda kudai kupitishiwa katheta kesho asubuhi. Kama una stenti na huna dalili, hakuna sababu ya kuingia ndani ya mshipa wako kuitafuta kasoro. Kila katheta inayoingia ina hatari yake, ndogo lakini ipo. Lenu ni matatu. Vidonge vya kuzuia damu kushikamana usiviache hata siku moja bila kumuuliza daktari wa moyo, hata kama daktari wa meno amekuambia uviache. Karatasi ya stenti yako, inayosema kipenyo, urefu, mshipa na tarehe, itunze kama unavyotunza cheti cha kuzaliwa, na iwe na nakala kwa mtu wa nyumbani. Na maumivu yakirudi, nenda. Ukiambiwa stenti imebana na inatakiwa nyingine, una haki ya kuuliza swali la yule mzee: mtatazama kwa ndani kwanza? Daktari mzuri hatakasirika. Atakayekasirika, basi huyo ndiye hasa aliyehitaji kuulizwa.

Mzee yule, mara ya tatu, tulivunja kalsiamu kupitia matabaka yale mawili. Haikuwa kazi nyepesi, na kutumia ufundi huo ndani ya stenti ya zamani kunataka tahadhari na mazungumzo na mgonjwa kabla. Tukafuata na puto la shinikizo kubwa, tukatazama, tukarudia, tukamalizia na puto la dawa. Chuma hatukuongeza. Uwazi ulitoka milimita za mraba 2.8 ukafika 5.1. Kabla hatujamtoa mezani niligeuza skrini upande wake, nikamwonyesha picha mbili, ya kabla na ya baada. Akaitazama ile ya kwanza kwa muda mrefu kuliko ya pili. Kisha akasema, "Kumbe ndiyo hii." Basi.

Alinipa ruhusa ya kuwaonyesha filamu yenyewe, bila jina lake. Ilipigwa kwa sekunde chache tu, kwa hiyo nitaicheza polepole. Ile pete ya nje ni stenti ya kwanza, ya ndani ni yangu. Fundi, tafadhali, zima taa.